Mkono wa Nelius

Watu wa Karurumo wana ustadi wa kuangalia shamba la mtu bila kugeuza shingo. Wanapita na mitungi yao ya maji, wanakusalimia, wanauliza watoto wako hali, na wakifika kwao wanajua mahindi yako yamefika wapi na palizi umeikawiza kiasi gani. Lakini wiki ile ya Aprili, walipofika kwa Winrose, waligeuza shingo waziwazi, na wengine walisimama kabisa.

Mahindi hayakuwa na neno. Yalikuwa ya kijani kibichi, yamefika magotini, hata yanatamanisha. Kilichowasimamisha ni maharagwe yaliyopandwa katikati ya mistari. Majani yalikuwa yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, mashina yamejisokota, na ukifunua chini humwoni mdudu hata mmoja wa kubeba lawama.

Winrose, mjane mwenye watoto watatu, alikuwa amesimama mpakani na mikono kiunoni. Jirani yake Nelius alikuwa amepiga magoti kati ya mistari, anafunua jani moja moja.

"Labda ni baridi," Nelius alisema.

"Baridi iliruka mahindi ikashika maharagwe?"

Winrose hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, na hilo lilimchoma Nelius zaidi, maana mbolea iliyokuwa chini ya maharagwe yale ilitoka kwake. Nelius ndiye aliyewaanzishia wanawake wa mtaa ule kikundi cha Rutuba. Ndiye aliyewafundisha kuachana na fatalaiza ya dukani na dawa za kupulizia, wakarudia samadi, majani ya kufunika udongo na marundo ya kuozesha taka. Winrose ndiye aliyekubali mwisho. Alisema yeye hana shamba la kujaribia, akikosa amekosa. Nelius akamwambia, mbele ya wenzao, "Ukikosa, uje ule kwangu." Sasa ilikuwa Aprili, na chakula cha Winrose cha mpaka mwisho wa mwaka kilikuwa kimejikunja pale chini.

Kwenye ua alikuwa amesimama Muriithi, mume wa Nelius, na mzigo wa nyasi za ng'ombe begani. Alikuwa amekuja kumwita mkewe. Alitupa macho kwenye maharagwe mara moja tu, akayaondoa haraka.

Muriithi alijua. Nalisema mapema ili msomaji asije akamhurumia bure. Wengine wote walikuwa wanabahatisha, mara baridi, mara mbegu, mara jicho la mtu, lakini yeye alijua tangu alipoliona jani la kwanza, na alichosema ni, "Mama Joyline, twende, ng'ombe hajakula."

*

Ilikuwa Novemba iliyotangulia, wakati wa mvua za vuli, Nelius amekwenda semina Meru mjini. Muriithi alibaki na ng'ombe, kuku na shamba la nyasi za napia kule bondeni. Napia ilikuwa imevamiwa na mucege, lile gugu ambalo mbegu zake zinakunasa kwenye suruali mpaka unafika nazo kanisani. Kazi ya kuling'oa ilikuwa yake. Mkewe alikuwa amemkumbusha kabla ya kuondoka, tena mbele ya watu: "Baba Joyline, nikirudi nikute pale pamepumua."

Muriithi hakuwa mvivu, tumtendee haki. Mgongo ulikuwa unamsumbua. Tena alikuwa amewahi kuajiriwa kupulizia dawa kwenye mashamba makubwa ya maua, na huko alijifunza kuheshimu pampu. Alizoea kumwambia mkewe, "Kule wanalima ekari hata huwezi kuona mwisho, na hakuna mtu anainama. Sisi hapa kashamba kadogo na tunatambaa kama watoto." Nelius alimjibu kwamba udongo wa kule umekufa, ukiacha kuulisha dawa leo kesho haukupi hata mchicha. Mabishano yao yalikuwa ya kila msimu, na kila msimu Nelius alishinda, kwa sababu wageni walikuja kutoka Runyenjes na Embu kuangalia shamba lake, wala hakuna mgeni aliyewahi kuja kuangalia pampu ya Muriithi. Pampu ilitundikwa ghalani. Yeye mwenyewe, kule senta kwenye maduka, walimwita bwana wa mwalimu wa mbolea.

Basi siku ile aliitungua pampu, akaenda kwa Kiambi, kijana wa duka la dawa za mifugo na mashamba.

"Hii inaua majani mapana peke yake," Kiambi alimwambia. "Napia haitashtuka."

"Na ng'ombe akikula hiyo napia?"

"Ng'ombe hana shida. Maziwa utakunywa. Lakini mzee, mbolea yake usipeleke kwa maharagwe, wala viazi, wala nyanya. Dawa inapita kwa tumbo na inatoka bado iko na nguvu. Weka kwa mahindi, ama uikalishe mpaka hata usahau."

Muriithi alicheka. Sumu gani hiyo inapita matumbo manne ya ng'ombe na kutoka hai? Aliona kijana anajionyesha kwamba amesoma. Akapulizia asubuhi moja, akaosha pampu mtoni, akaitundika palepale ilipokuwa na hata utando wa buibui akatamani angeweza kuurudisha.

Nelius aliporudi alikuta napia safi, mucege umenyauka wote. Alisimama bondeni akafurahi sana.

"Umefanya kazi, Baba Joyline. Na huo mgongo."

"Ni kujikaza tu," Muriithi alisema.

Jioni ile Nelius alimpikia chapati, na siku ya kawaida chapati ni za Krismasi au mgeni. Alizila. Alizila zote, na maziwa juu. Kama kulikuwa na wakati wa kusema ni pale, chapati ikiwa mkononi, maana kosa lilikuwa bado dogo, la kucheka na kununiana siku mbili. Lakini nani husema ukweli na mdomo umejaa sifa?

Baada ya hapo nyasi zikaliwa, samadi ikazolewa, lundo likajengwa. Mwezi wa Machi wanawake wa Rutuba walikuja na vikapu. Desturi yao ni kwamba mwenye lundo hugawa lile jipya na bora kwanza, na yeye hujiwekea la mwisho. Nelius aliwagawia lundo jipya, shamba lake akalitilia masalio ya lundo la mwaka uliopita. Muriithi alikuwepo. Maneno ya Kiambi yalimpitia kichwani akayafukuza. Angesemaje, msichukue, bila kuulizwa kwa nini? Alisaidia kuwatwika vikapu mgongoni, na cha Winrose, kwa kuwa alikuwa wa mwisho na hana wa kumsaidia, alikijaza mpaka juu.

*

Wanawake wa Rutuba walikutana kwa Nelius siku ya Alhamisi. Hawakunywa chai kwa furaha kama kawaida. Wengine watatu walikuwa wameona majani yakianza kujikunja, ingawa kwao si shamba zima, maana walichukua vikapu vichache tu. Winrose ndiye aliyeitia shamba zima.

Aliyeanza ni Ciku, mwanamke wa maneno ya papo kwa papo, na shamba la Nelius lilikuwa mbele yake, maharagwe yake yamenawiri mpaka aibu.

"Mwalimu, mimi nauliza tu. Hii yako mbona ni mazuri?"

"Niliweka mbolea ya zamani. Nyinyi niliwapa mpya."

"Basi ya zamani ndio ilikuwa nzuri."

"Ciku, unajua desturi yetu. Mimi huchukua ya mwisho."

"Naijua. Ndio nashangaa vile ya mwisho imekuwa ya kwanza."

Hakuna aliyecheka. Nelius aliweka birika chini. Alikuwa na mazoea ya kujibu maswali ya wageni, hata ya maofisa, lakini hili halikuwa na jibu ambalo halingemfanya aonekane mwizi.

Mama mmoja mtu mzima akajaribu kutuliza. "Si lazima iwe mbolea. Hata mkono wa mtu hubadilika. Mama yangu alikuwa na mkono wa kuotesha, watu wanamwita mpaka Kyeni. Siku moja ukaondoka tu, na hakuwa amekosea mtu."

Alisema kwa wema, ila ni kama alimmwagia Nelius maji ya moto. Pale Karurumo kila aliyepanda alimwita Nelius aweke mbegu ya kwanza. Walisema ana mkono. Nelius mwenyewe alikuwa akiwacheka na kusema mkono ni udongo tu, lakini hakukataa kuitwa hata siku moja, na mwaka huu mbegu ya kwanza kwa Winrose aliiweka yeye.

Muriithi alikuwa nyuma ya zizi, anasikia yote. Akatoka, akaja mbele ya wanawake, na kwa dakika moja alikuwa anataka kusema. Kilichotoka ni kingine.

"Mimi nafikiria hivi. Tuwache hii maneno ya mbolea. Nitauza jogoo, niwanunulie fatalaiza mrudie kupanda."

Ciku akapiga makofi polepole. "Haya. Mzee amengojea hii siku."

Wanawake wakacheka, kicheko cha kupunguza uzito. Nelius hakucheka. Alimtazama mumewe, akasema kwa sauti ya chini, "Hata wewe."

Wageni walipoondoka aliosha vikombe peke yake. Muriithi alichukua kitambaa akaanza kuvipangusa, na Nelius akamwambia aviache vikauke vyenyewe.

*

Nelius hakuwa mwanamke wa kulala na swali. Kesho yake alitafuta makopo ya mafuta ya kupikia, yale matupu, akayatoboa chini. Matatu alitia mbolea kutoka kwenye lundo lililobaki, akayachora msalaba kwa makaa. Matatu alitia udongo mtupu wa kando ya njia. Kila moja akapanda maharagwe ya aina moja, akayapanga kwenye dirisha la jikoni.

"Kama ni mbolea, itajisema," alimwambia Muriithi. "Na kama si mbolea, nitajua ni nini."

"Ni nini?"

Nelius alienda kuchota maji ya kumwagilia.

Muriithi aliyatazama makopo yale asubuhi nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilikuwa kimepangwa dirishani, kinamwagiliwa maji. Mbegu zikiota na kujikunja, Nelius angejua ni sumu, angeuliza imetoka wapi, na katika boma lile hakukuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. Nelius alipoenda kumwangalia mgonjwa wa kanisa, Muriithi alimwaga makopo matatu yenye msalaba. Akaenda kwenye migomba, akachimba udongo mweusi usiojua dawa, akachanganya na majivu kidogo ufanane na mbolea. Akarudisha mbegu zilezile, kwa kina kilekile, kidole kimoja. Alifanya kazi ile kwa uangalifu ambao hakuwahi kuufanyia shamba lolote.

Alijiambia anamsaidia. Mbolea ikionekana safi, Nelius atatoka kwenye lawama. Watu watasema ni mbegu mbovu, ni hali ya hewa, na mwaka ujao hakuna atakayekumbuka. Ndivyo mtu anavyojidanganya, anachukua uoga wake anauvisha nguo za huruma.

Maharagwe yakaota. Yenye msalaba yakaota vizuri kushinda yale mengine, majani yamefunguka wazi kama viganja. Muriithi alingoja mkewe afurahi. Nelius alisimama dirishani muda mrefu, akageuza kopo hili na lile, halafu akaketi kwenye kigoda.

"Si mbolea," alisema.

"Si unaona. Nilikuambia usijisumbue."

"Basi ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mkono wangu. Ya kwangu hapa nyumbani ilipandwa na Joyline kabla arudi shule, na ni mazuri. Ya Winrose niliweka mimi. Hata kwa hao wengine mbegu ya kwanza niliweka mimi." Aliitazama mikono yake juu ya mapaja. "Watu wazima walikuwa wanasema na mimi nacheka."

"Mama Joyline, wewe ni mtu wa semina. Mkono ni kitu gani?"

"Basi niambie wewe ni nini."

Muriithi alifungua mdomo. Alisikia ng'ombe akicheua, akasikia kuku wakipekua, akatamani mmoja wao amwitie mtu mlangoni. Akasema, "Mimi sijui."

"Mbolea iko sawa, na mvua haijakatika," Nelius alisema, kama anajisemea. "Tutang'oa ya Winrose turudie. Na tumwongezee mbolea, lundo lote, ipate nguvu. Lakini mimi sitashika mbegu."

Kuanzia siku ile aliacha kugusa chochote kinachoota. Miche ya sukuma ilipohitaji kuhamishwa, alimwomba jirani. Alipika, akafua, akakamua, lakini akipita kwenye bustani mikono aliiingiza chini ya leso aliyojifunga kiunoni. Mezani alimpakulia Muriithi githeri ya mahindi na maharagwe, naye akaila huku akiangalia sahani. Aliona anakula maharagwe mazuri ya mwanamke anayeamini ameoza mikono, na aliyemwaminisha hivyo ni yeye. Usingizi ulimkataa. Mara mbili alifika hadi kwa Kiambi kuuliza kama kuna dawa ya kuondoa ile dawa.

"Hakuna," Kiambi alisema. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

*

Siku ya kurudia ilikuwa Jumamosi. Wanawake wa Rutuba walifika kwa Winrose na majembe, na hata Ciku alikuja, maana pamoja na ule mdomo wake hajawahi kukosa kazi ya mwenzake. Waling'oa maharagwe yaliyojikunja, wakayalundika kando. Kisha wakafuata lundo kwa Nelius na kurudi na vikapu, wamevibeba kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Muriithi alikuwa anavijaza. Kila kikapu kilichoondoka alijiambia kinachofuata ndicho cha kusema.

Aliposhindwa kukaa nyumbani aliwafuata. Alikuta mifereji imechimbwa, mbolea imemwagwa nyeusi na tamu kwa macho, na Winrose ameshika bakuli la mbegu. Zilikuwa mbegu za mwisho alizokuwa nazo. Alikuwa ameziweka za kupika, na watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wanaziangalia.

"Nelius, njoo uanzishe," Winrose alisema.

"Muulize Ciku."

"Mimi nimeuliza wewe."

"Winrose, tafadhali. Mkono wangu si mzuri siku hizi. Sitaki kukuharibia mara mbili."

Wanawake waliangalia chini. Ciku mwenyewe, aliyemwaga pilipili siku ile, alikosa pa kuweka uso. "Hayo ni maneno tu, mwalimu," alisema. "Mimi nilikuwa na hasira."

"Chukua bakuli, Ciku," Nelius alisema, na mikono yake ikazama zaidi kwenye leso.

Ciku akachukua bakuli. Akainama.

"Msipande," Muriithi alisema.

Wakamgeukia. Alikuwa amesimama kwenye ua, palepale aliposimama siku ya kwanza.

"Hiyo mbolea haijaiva," alisema.

"Makopo yalisema imeiva," Ciku alijibu. "Na wewe ndio ulikuwa unatujazia vikapu."

"Haijaiva, ama... si kuiva." Alivua kofia, akairudisha, akaivua tena. "Iko na dawa. Nilipulizia napia. Ng'ombe akakula. Hiyo dawa inaua maharagwe, inatoka na kinyesi. Kijana wa duka aliniambia na nikanyamaza."

Nelius hakupandisha sauti. Alikuwa anapiga hesabu yake ya ndani, na uso wake uliionyesha.

"Ulipulizia lini?"

"Ukiwa semina."

"Napia ile nilikuta imepumua."

"Ndio."

"Nikakupikia chapati."

"Ndio, Mama Joyline."

Ciku alianza kusema kitu, mwenzake akamgusa mkono. Nelius akatikisa kichwa polepole, kama mtu ambaye bado hajafika mwisho wa njia.

"Lakini makopo yaliota. Nilitia mbolea kwa mkono wangu na ikaota vizuri."

Hapo ndipo Muriithi alitamani ardhi impokee. Ya kupulizia angeweza kuyaeleza. Mgongo, magugu, kazi. Hili halikuwa na mgongo wa kulibeba.

"Nilibadilisha udongo," alisema. "Ukiwa umeenda kuona mgonjwa."

Winrose aliketi chini, palepale mferejini. Nelius alitoa mikono kwenye leso. Aliitazama, upande wa juu na upande wa kiganja.

"Kumbe umeniona siku hizi zote nikificha mikono," alisema, "na ukanyamaza."

Muriithi aliona afadhali angetukanwa.

"Baba Joyline," Winrose aliita kutoka pale chini, bila hasira, "watoto wangu watakula nini?"

"Watakula maharagwe yetu. Yale yote ya pale nyumbani. Yakivunwa ni yako."

"Hayo ni yangu," Nelius alisema. "Nilimwahidi mbele ya watu na nitampa, hiyo si maneno yako. Wewe toa ya kwako."

Ya kwake, ukiondoa pampu, ilikuwa kitu kimoja, mistari ya muguka, ile miraa ya majani aliyokuwa akiuza, kando ya barabara. Aliipanda mwenyewe, akaipogoa mwenyewe, na majani yake ndiyo yaliyompa sauti mbele ya wanaume wenzake senta.

"Muguka," alisema. "Auchume Winrose. Mpaka avune msimu mwingine."

"Umesikia, Winrose?"

"Nimesikia."

"Sisi wote tumesikia," Ciku alisema.

Nelius akainama. Akaanza kukwangua mbolea kutoka kwenye mfereji kwa mikono mitupu, akairudisha kikapuni, na wenzake wakamfuata. Kikapu kilipojaa, Muriithi alikichukua. Hakuna aliyemwambia. Hakuwa na mkokoteni wala gunia, kwa hiyo alijivika mukwa kwenye paji la uso, akainama kama wanawake wanavyoinama, akatoka nacho barabarani. Mwanamume kubeba kwa mukwa pale Karurumo ni kitu cha kusimuliwa hadi Kathanjuri. Wachumaji wa muguka walimwona wakaacha kazi. Mmoja akauliza Muriithi ameolewa na nani. Alienda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka alama ya mkanda ikabaki kwenye ngozi, na mbolea yote akaimwaga bondeni kwenye napia ilikotoka.

Kando ya nyumba ya Winrose palikuwa na kipande ambacho hakikupata mbolea, palipokuwa na zizi la mbuzi zamani. Hapatoshi, lakini ni safi. Winrose aliinuka akajikung'uta, akamfuata Nelius, akamshika kifundo cha mkono na kumwekea mbegu kiganjani.

"Anzisha," alisema.

Mbegu moja ilimponyoka Nelius. Ciku akaiokota, akairudisha pale pale kiganjani, na Nelius akapanda.

*

Mwezi wa Julai Winrose alivuna magunia ya Nelius kama alivyoahidiwa, na muguka aliuchuma yeye. Nelius na mumewe hawakuachana. Walikula pamoja, waliombea chakula, walimtumia Joyline vitu vya shule. Mtu akipita asingejua. Pampu haikubaki ghalani, Muriithi aliibeba mwenyewe akampelekea Kiambi. Mabishano ya kila msimu yaliisha pia, na Muriithi akagundua kwamba aliyapenda.

Nelius alitaka kujua udongo wa Winrose utapona lini. Kila mwanzo wa mwezi alichota udongo kutoka kwenye mifereji ile, akaujaza makopo, akapanda maharagwe matatu. Ila hakuyaweka tena kwenye dirisha la jikoni kwake. Aliyapeleka kwa Winrose.

Oktoba, mvua ikinukia, Muriithi alipita pale na mzigo wake wa napia, akautua chini. Winrose alikuwa anapepeta mahindi mlangoni. Makopo yalikuwa nyuma yake, kwenye ubao.

"Habari ya hapa, Mama. Nilikuwa nauliza, yameotaje mwezi huu?"

"Si umuulize mwenyewe huko nyumbani."

"Nilimuuliza. Amesema nije nikuulize wewe."

Winrose aliweka ungo chini. Alimwonea huruma, hilo lilionekana.

"Moja limefungua kidogo," alisema. "Mawili bado yanakunja."

"Naweza kuangalia?"

"Angalia," Winrose alisema. Lakini alikuwa ameshainuka, na bila kujua anafanya nini alisogea hatua moja, akasimama kati yake na makopo.

Muriithi akaangalia kutoka pale alipokuwa. Kisha akamshukuru, akajitwika nyasi zake, akaenda kumlisha ng'ombe.